Masikio na Spika za Mwalimu

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye vyeti na mdomoni mwa mama yake tu. Watu wengine wote walimwita Masikio, wala si kwa ukubwa. Yalikuwa masikio ya kawaida kabisa, moja lina kovu la bati la mlangoni. Aliitwa hivyo kwa sababu ungempelekea redio inayokoroma, naye angeinama juu yake, akatega sikio, akakunja uso, kisha akasema, "Kapasita ya pili, upande wa kulia." Akifungua, ni hiyo hiyo. Miaka thelathini na moja alilisha watoto kwa masikio hayo. Mita ya umeme alikuwa nayo, tena ya maana, lakini iliishi rafuni na vumbi lake. Mteja akiuliza mbona haishuki, Masikio alijibu, "Mita ni ya wale wasiosikia," na watu wakapenda kumsikia akijibu hivyo.

Haya, tuseme ukweli ambao mwenyewe hakutaka kuusema hata akiwa peke yake: masikio yalikuwa yanakufa. Sauti nene alizisikia bado, mlango ukibamizwa, gari likipita, mwanamume akikohoa. Zile nyembamba za juu ndizo zilizoondoka bila kuaga. Kwanza walikwenda ndege wa asubuhi, kisha birika. "Birika limepiga mbinja mpaka limekauka, baba watoto, na wewe umekaa nalo hapo hapo!" mkewe alimfokea siku moja, naye akasema alikuwa anafikiria kazi. Yakafuata maneno ya watu, hasa ya wanawake na watoto, yakawa yanamfikia nusunusu kama barua iliyolowa maji.

Akabuni ujanja. Alijifunza kuangalia midomo, kuitikia "ehee, ndiyo, ndiyo", na kucheka wengine wakicheka. Ujanja huo ulimwokoa mara nyingi na kumwaibisha mara moja, tena vibaya: mshona viatu wa kibanda cha jirani alimwambia amefiwa na shemeji yake, na Masikio akatabasamu, akasema, "Safi sana, ndugu yangu." Alisingizia kelele za barabarani. Mshona viatu alimtazama kitambo, kisha akarudi kwenye sindano yake.

Mwishowe alikwenda kupimwa, tena mtaa wa mbali, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Mpimaji, binti mpole, alimvisha vifaa vya kusikilizia, akampa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Na mtu mzima yule, baba wa watoto wanne, akaiba mtihani. Kwenye kioo cha dirisha aliona mkono wa binti ukigusa mashine, na kila ulipogusa, yeye akabonyeza. Binti akatabasamu, akageuza kiti cha mgonjwa wake kiangalie ukuta, wakaanza upya. Karatasi iliyotoka ilikuwa na mstari uliokwenda vizuri, halafu ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Sauti za juu zimekwisha, baba," binti alisema, sasa kwa sauti kubwa. "Hazitarudi. Waambie watu wako ili wakusaidie."

Masikio aliikunja karatasi mara nne, akaificha kwenye droo ya kapasita, chini kabisa. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mwaka mmoja na miezi saba baadaye, Mwalimu alikuja kibandani. Alikuwa amemfundisha kusoma darasa la kwanza, na ingawa alistaafu zamani, hakuna aliyemwita kitu kingine. Siku mbili kwa wiki bado alikwenda shuleni kufundisha kwaya ya watoto, bila malipo, na ungemwona njiani akitembea upesi, kidole kikipiga mapigo kwenye mkoba. Tangu mumewe afariki, kwaya ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nina kazi, na sitaki fundi mwingine."

Sebuleni kwake zilisimama spika mbili zilizofunikwa shuka la maua. Marehemu alizinunua enzi za ujana wao, akazipenda mpaka majirani wakamtania kwamba ana wake watatu. Amplifaya yake ilikuwa imekufa mwaka ule ule aliokufa mwenyewe, na tangu hapo spika hazikutoa sauti. Masikio akavua shuka. Zilimfika kifuani, na alipojaribu kuisogeza moja, kiuno kikamwambia aache. Akasoma kibati cha nyuma, akaguna.

"Hizi zina njaa, Mwalimu," alisema, na hapo alikuwa fundi wa kweli kabisa, hakuna aliyeweza kumtoa kasoro. "Kuna spika ukizipa umeme kidogo tu zinaimba. Hizi hazishibi. Na ubaya wake, haziungui kwa kupewa kingi. Zinaungua kwa kupewa kidogo."

"Kidogo kinaunguza?"

"Ndiyo. Amplifaya dhaifu ukiilazimisha ipige kwa nguvu, inashindwa, inaanza kuikata sauti vichwa. Ule mkato ndio mkwaruzo, na mkwaruzo unakimbilia kwenye hizi spika ndogo za juu, hizi twita, unazichoma. Watu wanadhani nguvu ndiyo inayoua. Kinachoua ni unyonge unaojifanya nguvu."

Mwalimu alicheka, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, kama mtu aliyefundishwa somo na mwanafunzi wake mwenyewe. "Basi nichagulie wewe. Mimi siwezi kubahatisha na vitu vya marehemu. Masikio yako nayaamini kuliko yangu."

Kibandani alikuwa na amplifaya mbili za kuuza. Moja kuukuu, nyeusi, nzito kama mfuko wa saruji. Nyuma iliandikwa wati mia na ishirini, na zilikuwa wati mia na ishirini za kweli. Nyingine mpya, nyepesi, ina taa za buluu, na boksi lake lilitangaza wati elfu moja na mia mbili kwa herufi za dhahabu. Fundi yeyote anajua kwamba namba za boksi hutiwa chumvi, na Masikio alilijua hilo kuliko wengi. Dakika tano za mita zingemaliza ubishi.

Lakini siku ile mshona viatu alikuwa ameketi mlangoni pamoja na wateja wawili, wanangoja kumwona Masikio akifanya mambo yake. Mita ingeshukaje rafuni mbele ya macho yao? Akaunganisha ile nzito kwanza. Ilipiga sawasawa, ila kwake sauti ilikuja imefunikwa blanketi, kama kila kitu siku hizo. Akaunganisha nyepesi. Akaongeza, akaongeza tena, na ghafla akasikia matoazi. Matoazi jamani! Hakuwa ameyasikia kwa zaidi ya mwaka. Yalimpenya mpaka ndani, na machozi yakamlengalenga. Yale hayakuwa matoazi, ilikuwa mashine inashindwa na kulia, na ukali wake ndio pekee uliobaki na uwezo wa kupenya masikio kama yale. Moyoni sehemu fulani alishuku. Aliinyamazisha, kwa sababu ilikuwa raha mno kusikia tena. Mlangoni mshona viatu alikuwa ameziba sikio moja kwa kidole.

"Hii," Masikio alisema. "Hii ndiyo inayosema kweli."

Akaifunga kwa Mwalimu Jumamosi mchana, mdogo wake Mwalimu akiwepo, mama mmoja mwenye maneno mengi aliyekuja kushuhudia. Waliweka santuri aliyoipenda marehemu, ya tarumbeta na sauti za watu wengi. Masikio akaongeza mpaka matoazi yake yakaja. Mdogo mtu akashtuka, akamgeukia dada yake. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Masikio akadhani wameguswa.

"Mnaonaje?"

Mwalimu alinyanyua uso. "Hakuna kitu kinakwaruza, mwanangu?"

"Hakuna, Mwalimu. Safi kabisa. Haya masikio hayajawahi kunidanganya."

Mdogo mtu alifungua mdomo, na Mwalimu akamgusa goti anyamaze. Nani wa kumbishia Masikio habari za sauti?

"Na sauti iacheni hapo hapo nilipoiweka," aliagiza akikusanya vyombo vyake. "Hapo ndipo penyewe."

Wiki mbili hazikutimia, akaitwa. Spika zimefifia, Mwalimu alisema, zinaimba kama mtu aliyejifunika gubigubi. Masikio alipiga magoti, akaweka sikio kwenye twita. Alisikia kile kile alichokuwa akisikia siku zote, yaani hakuna kitu, na jasho likamtoka, maana hakuweza kujua ni twita iliyokufa au ni yeye. Mita alikuwa ameibeba, ameifunga kwenye kitambaa kama mtu aliyeiba kuku. Akamgeuzia Mwalimu mgongo, akaigusisha kwenye twita. Sindano haikusogea. Twita zote mbili zilikuwa zimeungua.

Nafasi ya kusema ilikuwa pale, wazi, wala hakuna aliyemzuia. Na akasema nini?

"Mmezidisha sauti, Mwalimu."

Uongo ule aliusikia vizuri sana, haukumpita hata silabi moja. Mwalimu, ambaye hakuwa amegusa kitufe cha sauti tangu Masikio mwenyewe akiweke, hakubisha. Alikaa chini polepole.

"Nisamehe, mwanangu. Kazi yako nzuri nimeiharibu. Unajua, tangu siku ile ya kwanza mimi nasikia mkwaruzo. Mdogo wangu naye alisema, lakini yule ni mlalamishi tangu utoto. Wewe ulisema hakuna, basi nikajua ni masikio yangu. Ndiyo uzee huo." Alikunjua mikono yake, akaitazama. "Nikajiuliza, kama nasikia mikwaruzo isiyokuwepo, watoto wa watu nawafundisha nini? Wiki iliyopita nimekwenda kwa mwalimu mkuu, nimemwambia atafute mtu mwingine wa kwaya."

Siku hiyo, kwa bahati yake mbaya, Mwalimu alikuwa amekaa karibu na amemwelekea usoni, na Masikio alisikia kila neno. Kichwa chake kikaitikia chenyewe, kwa mazoea.

"Si neno, Mwalimu," alisema. "Yameshapita."

Yaani alimsamehe! Aliharibu kitu cha watu, akamtwisha mwenyewe kosa, na juu ya yote akampa msamaha, akabeba twita mbili na ile amplifaya ya taa za buluu, akaondoka.

Siku zilizofuata aibu ilimkaa mwilini kama homa. Akila, ipo. Akicheka na wateja, ipo. Mkewe alimuuliza ana nini, akasema tumbo, akapewa maji ya moto ya kunywa, akayanywa. Mchana kweupe, mshona viatu akiangalia, aliishusha mita rafuni, akaipangusa, akaipima ile amplifaya ya taa za buluu huku inafanya kazi nzito. Haikufika hata wati hamsini ikaanza kukata. Alipima mara ya pili akitumaini amekosea. Hakukosea.

"Leo Masikio anatumia mita?" mshona viatu alitania.

"Leo natumia," alijibu, na hakucheka.

Alhamisi alipeleka redio ya mteja, akapita mbele ya nyumba ya Mwalimu saa ile ile ambayo zamani angekutana naye njiani, mkoba begani, amechelewa. Mwalimu alikuwa ameketi kizingitini anachambua mchele. Kidole hakikupiga mapigo yoyote. Alimpungia mkono Masikio, na Masikio akampungia, akakaza mwendo kama mtu anayefukuzwa.

Jumamosi alirudi na twita zilizotengenezwa, na amplifaya nyeusi kwenye mkokoteni. Aliiburura mpaka sebuleni mishipa ya shingo imemtoka. Shuka la maua lilikuwa limesharudishwa juu ya spika.

"Umejichosha bure," Mwalimu alisema. Mdogo wake alikuwa amekaa kando anakunja nguo. "Zichukue, spika na kila kitu. Wape watu wanaosikia. Mimi kuziangalia tu kunaniumiza."

Masikio alibaki amesimama. Alitamani sakafu ifunguke immeze, na sakafu haikufunguka.

"Mwalimu, wewe unasikia vizuri," alisema. "Mimi ndiye sisikii."

Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mara nne, akaiweka mezani. Mwalimu alivaa miwani, akaisoma jinsi alivyokuwa akisoma madaftari, kuanzia juu, bila haraka, mpaka kwenye tarehe.

"Hii ina karibu miaka miwili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza habari ya mkwaruzo, ulijua kwamba husikii."

"Nilijua."

"Na uliponiambia nimezidisha sauti?"

"Nilijua pia. Mimi ndiye niliyeiweka pale, wewe hukuigusa."

"Nilisema!" mdogo mtu aliruka, shuka mkononi. "Siku ile ile nilitaka kusema, nikafinywa goti! Ati mlalamishi!"

Mwalimu hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza. Alimtazama Masikio kwa macho yale yale aliyomtazama nayo akiwa na miaka saba, alipokutwa anaiba hesabu za jirani yake. Wala hakumwambia amemsamehe.

"Nimelia kwa ajili ya watoto wale," alisema. Kisha akanyanyuka, akavua shuka mwenyewe. "Funga hiyo nzito."

Masikio akafunga. Akaipima kwa mita mbele yao, bila kuficha, akaweka santuri, akashika kitufe cha sauti. "Mimi nazungusha," alisema. "Wewe sikiliza, uniambie." Mwalimu akafumba macho.

"Ongeza. Bado. Ongeza. Hapo tarumbeta imefunguka. Kidogo tena. Simama."

Kwake yeye ilikuwa blanketi lile lile. Alichobaki nacho ni kuutazama uso wa Mwalimu. Ulilegea kidogo kidogo kuanzia kwenye paji, na kidole kikaanza kupiga kwenye mkono wa kiti.

"Matoazi yapo?" aliuliza.

"Yapo. Laini kabisa, kwa mbali."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuyasikia hata kidogo.

Santuri ilipokwisha Mwalimu alifumbua macho, na ule ulaini ukaondoka. "Sasa kwaya yangu."

"Nitakwenda kwa mwalimu mkuu."

"Utakwenda leo, yupo ofisini anasahihisha mitihani. Na utasema kwa mdomo wako, usiandike barua. Wala usiende kusema mashine iliharibika."

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na meza tatu, na zote zilikuwa na watu. Mwalimu mkuu, mama mwembamba mwenye sauti nyembamba, alikuwa katikati ya rundo la karatasi. Walimu wawili walisahihisha pembeni, mmoja wao redio yake ilikuwa kibandani kwa Masikio wakati ule ule. Masikio aliomba wazungumze faragha, kisha akakumbuka alichoambiwa, akasema basi, si lazima. Akasema yote akiwa amesimama. Kwamba masikio yake yamekufa. Kwamba alichagua mashine mbovu kwa kiburi, akamtwisha Mwalimu kosa, na Mwalimu akaacha kwaya kwa kuamini kwamba yeye ndiye asiyesikia vizuri, kumbe anasikia kuliko wote. Kalamu pembeni zilipunguza mwendo. Mwenye redio alimkazia macho.

Mwalimu mkuu alijibu huku ameinama, anaandika alama. Masikio aliona nywele zake na kalamu yake, midomo hakuiona. Ilimfikia sauti ndefu nyembamba isiyo na neno hata moja ndani yake. Kichwa chake kikaanza kuitikia chenyewe, na mdomo ukafuata. "Ehee, ndi..."

Akanyamaza. Joto lilimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye yale masikio mawili yaliyompa jina.

"Samahani, mwalimu mkuu," alisema. "Sikukusikia. Naomba uniangalie, urudie."

Kalamu zote zilisimama. Mwalimu mkuu akanyanyua uso, akamtazama, akaanza tena polepole, kwa sauti iliyotoka nje mpaka kwenye korido.

"Nimesema, kwaya kubwa nimeshampa mtu mwingine, siwezi kumnyang'anya. Watoto wa darasa la kwanza hawana mtu wa kuwaimbisha. Kamwulize Mwalimu kama atawataka."

Angeitikia "ndiyo, ndiyo" kama kawaida yake, angekwenda kumwambia Mwalimu kwamba kwaya yake imerudi. Aliyarudia maneno yale neno moja moja, kwa sauti, mpaka mwalimu mkuu akasema ni hayo. Kisha akatoka, akashika njia ya kwenda kumweleza aliyemfundisha kusoma kwamba kwaya yake imekwenda, na kwamba wamebaki wale wadogo tu.